Boriti Iliyosoma Sifuri

Kabla sijaiona mashine niliisikia. Nilikuwa nimesimama nje ya maabara, cheti kikiwa kwenye bahasha kwapani, viatu vikiwa bado na matope ya mtaa wangu, Mashimoni, ambayo nilikuwa nimejaribu kuyapangusa kwa nyasi za kando ya maghorofa ya Nyayo Highrise. Ndani kulikuwa na mngurumo wa chini, kama wa mtu anayekoroma chumba cha pili. Kisha vikaja vijisauti vidogo, tik, tik, tik-tik, kama mvua inayoonja bati kabla ya kuamua. Kisha kimya. Kisha mlio mmoja mzito ulionifikia miguuni kabla ya kufika masikioni.

Nilitaka kurudi nyumbani. Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee mwembamba mwenye koti la kazi la kaki na vumbi la simiti kwenye nyusi.

"Wewe ndiye Mwende wa Kitui?"

"Ndiyo, mzee."

"Umesikia nini?"

Sikujua kama hiyo ni salamu au mtihani. "Nimesikia kitu kimevunjika."

"Kabla ya hapo."

Nikafikiri. "Nimesikia kikisema kwamba kitavunjika."

Alinitazama kidogo, kisha akasogea nipite. "Ingia basi. Wengi husikia ule wa mwisho tu."

Huyo alikuwa Mzee Kilonzo, fundi mkuu wa maabara, mtu wa Machakos, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua ambacho kina faida. Kazi yetu ilikuwa kuvunja vitu ili watu wajue vingebeba kiasi gani kabla havijavunjika. Mama yangu hakuwahi kuelewa kwamba mtu anaweza kuajiriwa kwa jambo hilo. Nyumbani, alisema, nilikuwa nikichapwa kwalo.

Asubuhi hiyo ya kwanza Mzee Kilonzo alinionyesha mchemraba wa zege uliokuwa umetoka kuvunjwa. Pembeni palikuwa pamemomonyoka, na kilichobaki kilikuwa na umbo la ngoma iliyobanwa kiuno, nene juu, nene chini, nyembamba katikati.

"Mashine inasukuma kutoka wapi?" aliniuliza.

"Juu. Na chini."

"Sasa mbona jiwe limevunjika mshazari?"

"Sijui."

"Vizuri. Ungejua ningekuwa na wasiwasi."

Akatoa vipande viwili vya chaki mfukoni. Cha kwanza alikikunja, kikavunjika sawasawa kama kilichokatwa kwa kisu. Cha pili alikisokota kwa mikono miwili kama anayekamua nguo. Kilivunjika kwa mzunguko, ncha yake ikapanda mshazari kama kijia cha mlimani. Alinipa vipande vyote nivishike.

"Chaki ni moja, mikono ni ileile," alisema. "Kitu kikibebeshwa mzigo, mkazo ndani yake haulali upande mmoja. Chukua mahali padogo kama ukucha. Ukipakata kwa kisu wima utakuta mkazo huu, ukipakata kwa mlalo utakuta mwingine, ukipakata mshazari utakuta wa tatu. Mzigo haujabadilika. Ni wewe umegeuza kisu. Sasa kazi yetu ni kutafuta ni upande gani kitu kinaumia zaidi. Kama daktari. Hapa je? Na hapa je?"

Nilikwenda nyumbani na zile chaki mfukoni. Chumba changu Mashimoni kilikuwa cha mbao na mabati, na kila mvua ndefu ilipopita kilikuwa kimeinama zaidi kuelekea kioski cha maji, kama kinachotaka kusikia foleni inasema nini. Mlango ulikwama kona ya juu. Nilimwambia Mzee Kilonzo, nikidhani tunapiga soga tu, naye akanipa uzi. Akaniambia nipime pande nne za fremu, kisha nipime kona hadi kona, njia zote mbili.

Pande nne zilikuwa vilevile kama zilivyojengwa. Kona hadi kona, njia moja ilizidi nyingine kwa vidole vitatu.

Jumapili alikuja baada ya kanisa, na tai yake, akibeba ubao mmoja na misumari. Alizunguka chumba mara mbili. Hakugusa kitu mpaka alipojua nyumba inataka kuangukia wapi. Tuliisukuma na majirani ikasimama wima, halafu akapigilia ule ubao kutoka kona ya chini hadi kona ya juu.

"Mzee, huo ubao umeupiga upande," jirani mmoja akamwambia.

"Nyumba nayo ilikuwa imeenda upande," akajibu, na misumari mdomoni.

Niliishi na ubao ule miaka kumi na moja. Niliutundikia vitambaa vya sufuria. Nawaeleza habari zake, nyinyi mnaobaki maabara, ili mjue kwamba nilifundishwa mapema na nilifundishwa vizuri. Kosa ninalokuja kulieleza sikulifanya kwa kutojua.

Kuhusu vifaa nitasema machache kwa sababu vingi mmeshavitupa. Niliyempenda zaidi ni kile kipimo chenye uso wa saa. Unabandika vidoti viwili vya chuma ukutani kwa gundi, unaweka miguu ya kipimo juu yake, na mshale unakuambia kama vidoti vimesogeleana au vimeachana, hata kwa unene wa unywele uliopasuliwa mara kadhaa. (Mnaona nimekiita "niliyempenda". Nimekiacha hivyo.) Siku hizi mna kompyuta inayopaka nyekundu mahali pabaya. Nyekundu ni nzuri. Lakini hutokea pale tu ulipoiambia itazame, na hapo ndipo mtu anapohitajika.

Mama Wambui alikuja ofisini mwenyewe, akitembea polepole, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Alikuwa mwenye ploti Kawangware, kwenye ardhi iliyokuwa shamba la baba mkwe wake kabla mji haujaifikia. Mumewe alijenga ghorofa mbili kwa mikono yake, akafa. Mwanawe akaongeza ya tatu, na matangi ya maji juu yake. Chini kulikuwa na duka, kinyozi, na vyumba viwili alivyoishi Mama Wambui na cherehani yake, kwa maana alikuwa fundi wa nguo tangu usichana.

"Kuna mstari kwa nyumba yangu," alisema. "Nimeupaka rangi mara mbili. Umerudi."

Nilikwenda. Kinyozi, kijana wa Kisumu aitwaye Otieno, alinikuta nikifungua ngazi.

"Niaje, madam. Umekuja kupima nyumba ya shosho? Ukimaliza pima na kichwa yangu, wateja wanasema imepinda."

"Nitaanza na nyumba ya huyo nyanya," nikamwambia. "Kichwa kitangoja."

Mstari ulikuwa kwenye boriti iliyopita juu ya mlango wa Mama Wambui, karibu na nguzo. Chini ya rangi mbili ulionekana vipande vipande, na nikajiambia kwamba ni plasta. Nikabandika vidoti vyangu katikati ya kimo cha boriti, vimelala, kimoja kushoto kingine kulia. Kulikuwa na bomba la waya za umeme lililonizuia kuvibandika vingine, ngazi ilikuwa fupi, na zaidi ya yote nilikuwa nimezoea kuvilaza. Katikati ya urefu wa boriti hilo halina ubaya. Huko, upande wa chini unavutika na wa juu unabanwa, na yote mawili yanalala kwa urefu wake. Lakini ukikaribia nguzo, katikati ya kimo, mkazo unageuka. Kwa mlalo hakuna kitu. Kwa wima hakuna kitu. Ni mshazari ndiko boriti inakovutwa mpaka ichanike.

Nilikwenda kila Alhamisi. Mshale haukusogea. Mama Wambui alinipikia chai yenye tangawizi, akawa ananiita "msichana", ingawa mvi zangu zilikuwa zimeshaanza kuhesabika. Alinionyesha pale mumewe alipoanzia kujenga. Aliniuliza kuhusu Kitui, kama kweli watu hutembea siku nzima kutafuta maji, nami nikamwambia kwamba siku hizi ni nusu siku. Alhamisi ya sita nikasoma sifuri ya sita, nikashuka ngazi nikamwambia, "Mama, imetulia."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akafumba macho, akashukuru. Kisha akatuma mtu alete chapati.

Mzee Kilonzo alikuwa katika mwezi wake wa mwisho kazini. Alikuwa akipitia madaftari yetu moja moja, kama mtu anayefunga madirisha kabla ya safari. Alifika kwenye ukurasa wangu akakaa nao muda mrefu.

"Sifuri, sifuri, sifuri," alisoma. "Hata maiti hupoa, Mwende. Boriti iliyobeba nyumba ya watu haisomi sifuri wiki sita."

Akachora mraba kwa kidole kwenye vumbi la meza. Kando yake akauchora tena, safari hii umesukumwa, umeinama.

"Pande zake zimebadilika urefu?"

Nilikuwa nimeshauona akilini ubao wa Mashimoni, na uzi, na vile vidole vitatu. Alijua kwamba nimeona, akaifuta michoro kwa kiganja.

"Nani mwingine anajua kuhusu hizi sifuri?"

"Mama mwenyewe. Nimemwambia imetulia."

"Basi nenda ukajue, halafu ukamwambie." Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti. "Hilo la pili siwezi kukusaidia, binti yangu. Neno ulilitoa wewe."

Kesho yake nilikwangua rangi. Ufa ulikuwa mmoja, mrefu, ukipanda mshazari kutoka kwenye nguzo, na haukuwa wa plasta. Nilisogeza lile bomba la waya, jambo lililochukua dakika tano. Dakika tano, baada ya wiki sita. Nikabandika vidoti mshazari, njia zote mbili, vikapishana kama herufi ya X. Siku ya nne, mguu mmoja wa X ulikuwa umerefuka na mwingine umefupika. Tulipobandua plasta tukakuta ringi, yaani vile vyuma vinavyoizunguka boriti ili isichanike hivyo, zimeachana kwa umbali wa kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole. Injinia wetu alikuja, akatazama, akashuka ngazi haraka kuliko alivyopanda. Watu watoke, akasema, boriti iegemezwe, na ghorofa aliyoongeza mwana wa Mama Wambui iondolewe.

Nikaomba nimwambie mimi.

Alikuwa kwenye cherehani, akishona sketi za shule. Hakuacha kukanyaga.

"Mama, nilikosea."

"Nini?"

"Nilikuambia nyumba imetulia. Haijatulia. Inafaa mtoke wote, wewe na wapangaji. Leo na kesho."

Cherehani ikasimama.

"Nilikuona ukiandika sifuri," alisema. "Kwa macho yangu. Ulikuwa unanidanganya?"

"Niliandika nilichosoma. Nilipima upande usiofaa."

"Nyumba iko hapo tu. Haijatembea. Juzi ilikuwa mzima, leo ni mgonjwa?"

"Juzi pia ilikuwa mgonjwa. Mimi ndiye sikuiuliza vizuri."

"Na kesho kutwa utakuja useme umekosea tena, nirudi." Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Mume wangu alibeba hayo mawe na mgongo. Nikitoka hapa nikiwa na umri huu, msichana, unajua watoto watasema nini? Watasema mama akae tu huko alikoenda. Sitarudi. Mimi nakaa. Wapangaji waende."

Nilikuwa na chaki mfukoni, kama kawaida, na nilishaigusa. Nikaiacha. Mtu anayefukuzwa kwake hahitaji somo la chaki. Mezani kulikuwa na kipande cha kitambaa cha shule, kile cha miraba midogo ya bluu na nyeupe. Nikakichukua, nikamwekea mikononi.

"Kivute hivi, mama. Kwa urefu."

Akakivuta, akinitazama mimi. Hakikuvutika.

"Sasa kwa upana."

Hakikuvutika.

Nilifungua mdomo nimwambie la tatu, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshahamia kwenye kona. Vidole vya fundi wa nguo havingoji kuambiwa. Alikivuta kona kwa kona, na kitambaa kikarefuka mikononi mwake, na miraba yote ikalala, ikawa vipande vyembamba vilivyoinama.

"Kwani hii si ni mshazari tu?" alisema polepole. "Sketi ya kuzunguka tunaikata hivi ndiyo ianguke vizuri. Lakini ukiitundika kwa hanga wiki moja inavutika yenyewe. Upande mmoja uko kwa goti, mwingine uko kwa kifundo."

Akatazama kitambaa. Akainua macho, taratibu, mpaka kwenye boriti na ile X yangu ya vidoti.

"Ulipima kwa kufuata uzi," alisema.

"Ndiyo."

"Mwanamke mzima. Na mvi."

"Ndiyo, mama."

"Hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza hawezi kukosea hivyo." Lakini mdomo wake ulikuwa umelegea kidogo, na alikuwa bado ameshika zile kona mbili. Akazivuta tena, kidogo tu, akizitazama nyuzi katikati zikifunguka. "Na huku ndiko inaumia."

"Huko ndiko."

"Na haipigi kelele."

"Itapiga. Lakini ikipiga kelele hatutakuwa na muda."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakinyoosha kwa kiganja, akakiweka ndani ya kikapu cha cherehani. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilichofungashwa katika nyumba ile.

Ilichukua siku mbili. Miti ya kuegemeza ilisimamishwa chini ya boriti, na tukaongeza mingine mshazari. Wapangaji wa juu walishuka na magodoro na majiko, wengine wakinung'unika, wengine wakiwa wameshapata chumba mtaa wa pili. Otieno alitoka na kioo chake kikubwa, akikikumbatia kama bibi harusi.

"Shosho, sasa nitanyolea watu barabarani. Upepo ikibeba nywele, Dagoretti wote watajikuna."

"Nyoa hao wa Dagoretti pia," Mama Wambui akamjibu. "Ukirudi hapa nataka uwe umejifunza."

Neno hilo "ukirudi" nililisikia, na naamini aliliweka hapo ili na yeye mwenyewe alisikie. Alirudi, baada ya miezi tisa, kwenye jengo lililopungua ghorofa moja na matangi yote. Mkipita Kawangware mnaweza kuiona ile boriti, imenenepa kwa zege jipya na ringi zilizobanana. Lakini siku ile hakuna aliyeweza kumwahidi hilo, na mimi nilikuwa nimeshatumia ahadi zangu.

Ukurasa ule wenye sifuri sita bado uko kwenye daftari langu. Niliombwa mara mbili nilinakili daftari upya bila ukurasa huo, nikakataa. Nimeliacha droo ya juu, chini ya kipimo chenye uso wa saa. Mtu mpya akija, mpeni alisome kabla hamjampa kompyuta, na mumwulize ni nini kinachomsumbua kwenye ukurasa huo. Asipojua, vizuri. Mpeni chaki.

Mzee Kilonzo alikuja siku ya pili ya kuhama, jioni, jua likiwa bado juu ya mabati. Alikuwa amevaa tai yake ya kanisa. Hakutaja sifuri. Alishika upande mmoja wa cherehani, nikashika mwingine, tukaitoa taratibu, tukainama chini ya boriti ingawa haikuwa lazima kuinama. Tulipoiweka nje alinigusa bega mara moja, akaenda kusimama na wale wanaume wa miti.

Mama Wambui alibaki ndani peke yake kwa muda. Sikumharakisha, ingawa masikio yangu yalikuwa kwenye boriti muda wote, yakitafuta tik. Alipotoka alikuwa na kikapu mkononi na kitambaa cha kichwa amekifunga upya.

"Huu mlango unakwama kona ya juu," aliniambia. "Miaka miwili. Wote wanasema ni mvua, mbao imefura. Nimeurandisha mara tatu."

"Si mvua, mama."

"Sasa najua." Akaweka kikapu chini. "Mzee wangu angeutengeneza. Mimi niliuzoea tu."

Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Akaushika mpini kwa mikono miwili, akauinua mlango kidogo kuelekea ile kona, kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani bila kumwamsha, akausukuma kwa nyonga, nao ukafungika.